Ramadhani bila deni

Ramadhani iliyopita nimefunga zote. Yaani zote, kuanzia mwezi ulivyoandama mpaka Idd, sijala hata siku moja, na hii ni mara ya kwanza tangu nivunje ungo. Wanawake wenzangu wa Kiislamu hapo mshanielewa bila hata kuendelea, lakini naandika na kwa ajili ya wanaume na ndugu zetu wasio Waislamu kwahiyo ngoja niseme wazi. Mwanamke akiwa hedhini haswali wala hafungi. Swala zilizompita hazilipi ila siku za funga lazima azilipe baadae, na ndo maana kila mwanamke anatoka Ramadhani akiwa na deni lake la siku tano, sita, saba. Wengine wanalipa Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, wengine tunasogeza sogeza mpaka Shaaban mwezi wa mwisho kabisa kabla Ramadhani nyingine haijaingia, na si uvivu, Bi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, imepokewa kwamba alikuwa akilipa Shaaban. Mimi nyuma ya mlango wa kabati langu nilikuwa na karatasi ya kutia alama, nimeitia alama miaka na miaka, na mwaka huu haina alama hata moja.

Nilidhani nitafurahi. Asubuhi ya Idd watu wamerudi kuswali, mie niko jikoni nachambua ndizi za kuweka mezani, nikalia. Sijui hata nilikuwa nalilia nini, nilikaa pale kwenye kibao machozi yanatoka tu. Baadae ndo nikaanza kufikiri na nimefikiri miezi mingi, na haya ninayoandika ndo nilipofikia mpaka sasa hivi.

Kwanza jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, mimi nina 51 kwahiyo niko palepale katikati, hakuna ajabu. Lakini hakuna aliyenikalisha akaniambia itakuwaje. Tulipovunja ungo tulikalishwa, tukafundwa, kungwi akatwambia kila kitu mpaka vya aibu, tulipoolewa tukakalishwa tena. Kwenye hili la kufunga ukurasa hakuna kungwi. Unaamka saa nane usiku kanga imelowa jasho, moyo unadunda, unadhani una presha, unaenda kupima presha iko sawa, unarudi nyumbani unamfokea mtu kwa jambo la kijiko. Na mambo mengine hayasubiri hili liishe, yanakuja nalo kwa pamoja. Mwanangu wa mwisho ameenda kidato cha tano shule ya bweni. Mzee wangu alikuwa mtumishi wa serikali, alistaafu mwaka juzi alipotimiza 60, umri uleule wa lazima, maana ule wa hiari wa 55 aliukataa akisema nyumbani nikafanye nini. Na mama mkwe alipata kiharusi tukamleta kwetu hapa Ngamiani, Tanga, upande wake wa kulia hauna nguvu na kumbukumbu inakuja na kuondoka.

Sasa mtu akiwa kwenye hali kama hii watu wanamshauri nini? Mie nimesikia ushauri mwingi na wote kwa nia njema. Nenda Umra ukajisafishe. Jiunge na darsa. Fungua mradi wa kuku usikae kae na mawazo. Nenda kwa mtoto Dar ukabadilishe hewa. Ukiuangalia vizuri ushauri wote huu unakutoa nyumbani, kama vile tumeshakubaliana kwamba nyumbani hakuna kitu, ni mahali pa kulala na kupika na kufua, imani iko kwingine na maana ya maisha iko kwingine, ukiitaka uifuate. Mie siipingi Umra, Mungu atujaalie sote, na darsa nahudhuria. Ninachopinga ni hilo wazo lililojificha chini yake.

Maana mimi mwenyewe niliishi na wazo hilo miaka 25. Nilikuwa nasema, hawa watoto wakikua ntaswali swala yenyewe. Nikitia takbira mmoja analia, nikisujudu mmoja kapanda mgongoni, nikitoa salamu nasikia harufu ya maharage yanaungua, nikawa najiambia hii sio ibada hii ni kuvusha siku, ibada yangu iko mbele, inanisubiri. Haya wameondoka. Nyumba kimya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, naweza kusimama kwenye mswala nikasoma sura ndefu ninavyotaka. Na swala ikawa nyepesi kama karatasi. Nasimama mawazo yako kwenye simu, kwa mtoto bwenini, kwenye bei ya nazi. Kile kimya nilichokingoja miaka yote hakikuwa na kitu ndani yake nilichokiweka. Ndo nikakumbuka ya kwamba Mtume mwenyewe (rehma na amani zimshukie) aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamuweka chini akisimama anambeba, na alikuwa akisikia mtoto analia anafupisha swala kwa kumuonea huruma mama yake. Hadithi hizi nilizijua tangu chuo cha Qurani. Nilizichukulia kama ruhusa kwa wenye shida ya watoto, sikuzichukulia kama ndo ibada yenyewe ilivyo.

Kuna aya moja kwenye Suratul Ahqaf, aya ya 15, nadhani ndo aya ya umri wetu. Inataja miaka 40 kabisa kwa jina. Watu wanaisoma wakifika 40, wanaiweka status, lakini wengi wanaanza kunukuu pale kwenye dua na kuacha kilichotangulia. Kilichotangulia ni mama. Aya inaanza kwa kutuusia wazazi, inasema mama yako alikubeba kwa taabu akakuzaa kwa taabu, kukubeba na kukuachisha ziwa miezi 30, alafu ndo mtu anakua, anafika 40, anaomba. Anaomba nini? Aweze kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, aweze kutenda mema, na atengenezewe kizazi chake. Alafu anatubu.

Hebu iangalie ilivyopangwa. Juu wako wazazi, chini wako watoto, na anayeomba amekaa katikati. Aya nzima hakuna safari wala mtu aliyejitenga mlimani, na hasemi anataka kujua yeye ni nani. Siku hizi tunaletewa habari ya kwamba umri wa kati ni wa kujitafuta, ujiulize wewe kama wewe unataka nini, na mie naelewa mtu aliyebanwa maisha yote anavyolipokea neno hilo kama maji baridi, lakini Qurani imemkuta mtu wa 40 akiwa amezungukwa na watu wake juu na chini na imemuacha hapohapo, ikamfundisha maneno ya kusema akiwa hapo. Kwangu mimi hii sio bahati mbaya ya mpangilio. Nina mama mkwe chumba cha kulia na nina simu ya mtoto anayeomba hela ya daftari, na aya imeandikwa kwa mtu wa namna hiyo hasa.

Lakini hapa lazima nisimame kwa sababu najua wanawake wenzangu mnachofikiria. Mnafikiria, haya, ndo yaleyale, kazi ya nyumbani ni ibada, pika ufue ukoshe upate pepo, tumeyasikia tangu tuko wadogo. Ni kweli mmeyasikia. Na mie nasema maneno hayo ni ya kweli na yametumika vibaya, yote mawili kwa wakati mmoja, na ushahidi wangu ni kisa kimoja tunachokipenda sana kwenye mawaidha ya harusi.

Kisa cha Bi Fatima na jiwe la kusagia. Tunaambiwa Bi Fatima mikono ilichubuka kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, akapewa tasbihi: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34 wakati wa kulala, akaambiwa hiyo ni bora kuliko mtumishi. Basi hapo ndo bibi harusi anafungiwa kazi, unaona, binti wa Mtume alichoka hakulalamika, na wewe usilalamike. Lakini kisielezwe nusu. Kwanza alilalamika. Aliinuka akaenda mpaka nyumbani kwa baba yake kusema nimechoka, hakumkuta, akamwachia Bi Aisha ujumbe, na hakuna mahali alipokaripiwa kwa kuomba. Pili, kwenye mapokezi mengine ya kisa hikihiki Ali mumewe naye anasema, mimi nimeteka maji mpaka kifua kinaniuma. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili waliochoka, mmoja kwa kusaga mmoja kwa kuteka maji. Tatu, sababu ya kunyimwa mtumishi imetajwa, kwamba kulikuwa na maskini waliokaa msikitini, watu wa Suffa, matumbo yao yamejikunja kwa njaa, na Mtume hakutaka kuwapa watu wake huku wale wana njaa. Hakuna aliposema mwanamke ameumbiwa jiwe.

Na nne, hii ndo inanigusa zaidi, Mtume hakumuita binti yake akamfundisha peke yake. Alikuja kwao usiku wameshalala, wakataka kuinuka akawaambia kaeni hapohapo, akakaa katikati yao, mpaka ubaridi wa miguu yake ukasikika kifuani kwa Ali. Akawafundisha wote wawili. Nyiradi ile walipewa mke na mume kitandani mwao, mwisho wa siku, wote hoi. Na anayetusimulia kwamba hakuiacha maisha yake yote ni Ali. Akaulizwa, hata usiku wa Siffin? Akajibu, hata usiku wa Siffin. Vita vya Siffin ni mwaka 657, Fatima alikuwa ameshafariki miaka 25 nyuma, Ali mwenyewe mtu mzima wa hamsini na kitu ana jeshi na mgogoro wa umma mzima mabegani, na kabla ya kulala anahesabu alichofundishwa yeye na mkewe siku waliyolalamikia kusaga na kuteka maji. Mie kila nikifika hapo koo linakaba.

Kwahiyo hoja yangu ni hii na nataka ieleweke: tatizo sio kuambiwa kwamba kazi ya nyumbani ni ibada, tatizo ni kwamba ibada ya watu wawili tumempa mmoja. Na umri wa kati ndo unaonesha gharama yake, tena gharama inamuangukia mwanaume zaidi kuliko tunavyodhani.

Niwaeleze mzee wangu. Alipostaafu miezi mitatu ya kwanza alikuwa kama yuko likizo. Anaamka saa ileile, anavaa shati lililopigwa pasi, anakaa barazani. Saa nne anakwenda kwenye kahawa na drafti, maneno ni kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya wastaafu, nani kalipwa nani hajalipwa, fulani alikufa kabla ya kupata chake. Anarudi adhuhuri anakula. Baada ya miezi akaacha kwenda. Anakaa tu. Ukimuuliza unawaza nini anasema siwazi kitu. Msikitini anakwenda swala tano, simkosei hapo, lakini alikuwa anatoka nyumbani kama anayekimbia na anarudi kama mgeni. Siku moja akaniambia, mama, mie hapa ndani sijui hata sukari inakaa wapi. Alisema kwa huzuni, na ilikuwa kweli, miaka zaidi ya 30 ya ndoa kwenye nyumba aliyoijenga yeye tofali kwa tofali hakuwa na kitu hata kimoja ndani ambacho bila yeye hakifanyiki. Alikuwa na kazi, na kazi ilikuwa ofisini, ofisi ikafunga mlango.

Mimi nilikuwa nimepoteza watoto wa kuwahudumia ila nilikuwa bado na jiko, na mgonjwa, na majirani, mikono yangu ilijua pa kwenda. Yeye mikono yake ilikuwa haijui. Tunasema sana kuhusu mzigo wa mwanamke na ni haki kusema, lakini huku upande wa pili kuna wanaume wa miaka 60 wanaozeeka ghafla kwenye viti vya plastiki barazani, na dawa wanayopewa ni ileile ya kuwatoa nyumbani, nenda shamba Muheza, gombea uongozi wa mtaa, ongeza mke. Hakuna anayewaambia geuka nyuma ingia ndani.

Na mfano upo, sio wa kutafuta kwa Wazungu. Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jibu lake ni fupi: alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika anatoka kwenda kuswali. Kwingine kasema alikuwa akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake. Watu wanaisikia hii kama sifa ya unyenyekevu wa ujana hivi, mume mzuri wa siku za mwanzo. Piga hesabu lakini. Bi Aisha aliishi na Mtume Madina, na Mtume alihamia Madina mwaka 622 akiwa amevuka 50. Kwahiyo mwanaume anayesimuliwa pale akishona nguo ni mtu wa hamsini na kitu mpaka sitini na kitu, kiongozi wa dola, jeshi, mahakama, wajumbe wanamsubiri nje. Umri wa mzee wangu. Na angalia pia jinsi sentensi ya Bi Aisha ilivyokaa, huduma ya nyumbani na kutoka kwenda kuswali zimewekwa ubavu kwa ubavu, unatoka kwenye hii unaingia kwenye ile.

Kwetu pwani wanaume wanajua kupika, tusidanganyane. Pilau la harusi la masufuria makubwa nani anapika? Wanaume, na wanasifiwa, wanatajwa kwa majina mtaa mzima. Kwahiyo sio kwamba mkono wa mwanaume haujui mwiko. Ni kwamba mwiko wa hadharani una heshima na mwiko wa ndani hauna mtu wa kuuona. Na hilo ndo swali la imani hasa, si swali la mapishi. Kitu kinachofanyika pasipo na mtu wa kukuona anakiona nani? Kama kweli tunaamini tunachokisema tukihimizana ikhlasi, kufanya jambo kwa ajili ya Mungu tu, basi ndani ya nyumba ndo mahali pa kwanza pa kuipima, maana nje kuna makofi.

Sasa namna mzee wangu alivyoingia ndani haikuwa mawaidha yangu, sikumuwaidhi. Ilikuwa ni mama yake. Mama mkwe anataka kuswali kila saa. Amesahau mengi, jina langu linapotea siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, ila swala haikupotea. Anaweza akaomba kuswali alasiri mara tatu. Mwanzo mie ndo nilikuwa namtia udhu, namshikia beseni, na siku moja nilikuwa nimezidiwa na lile joto langu, nimekaa sakafuni siwezi kuinuka, mama anaita maji, maji, na mzee wangu akainuka barazani akaja. Akachukua kopo. Akamuosha mama yake mikono, uso, akampangusia kichwa, akafika miguuni akapiga magoti. Hakuna aliyesema kitu. Mama akamuangalia akasema, mwanangu, we si ulikuwa kazini? Akajibu, nimerudi mama.

Tangu siku hiyo udhu ni wake. Tukagawana maana kuna mambo mama mwenyewe anaona haya mbele ya mtoto wa kiume, kuogesha na kubadilisha ni mimi, hilo lina mipaka yake na lazima liheshimiwe. Yeye udhu na swala, anakaa pembeni ya kitanda anamtolea takbira ili mama afuate kwa macho na midomo, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kusimama anaswali amekaa na asiyeweza kukaa anaswali amelala. Mama akiomba alasiri mara ya tatu mwanzo alikuwa anamwambia umeshaswali mama, mama anahuzunika. Sasa hamwambii. Anachukua kopo. Nilimuuliza kwanini, akasema Mwenyezi Mungu anajua ameshaswali, hii nyingine ni mazungumzo yao.

Sitaki niipambe. Wifi yangu alipokuja akamkuta kaka yake ameshika beseni alikasirika kabisa, na aliyemkasirikia ni mimi, mke yuko wapi mpaka mwanaume aoshe miguu. Hatujamaliza maneno hayo na yule ni dada yake mkubwa. Na mzee wangu zipo siku anarudi kwenye kile kiti akakaa kimya mpaka magharibi. Pensheni ni ileile. Joto langu halijaisha. Lakini kuna kitu humu ndani kinamsubiri yeye mara tano kwa siku na kisipofanywa na yeye kinafanywa vibaya, na nimeona mgongo wake ulivyobadilika.

Wenyeji wa pwani mtaniuliza kuhusu Mwana Kupona, kwa sababu huwezi kuzungumza nyumba na dini kwa Kiswahili ukamruka. Alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, aliandika utenzi wake mwaka 1858, mtu mzima tena mgonjwa, anamuachia binti yake wasia. Humo ndo kuna zile radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na ile ya mume ndo imebebwa ikapelekwa kwenye kila harusi mpaka mabinti wengine wanamkimbia Mwana Kupona wakidhani ni fimbo. Mie namsoma tofauti. Sehemu nyingine kubwa ya utenzi ni dua, mama mgonjwa anawaombea watoto wake na anaomba kwa ajili yake mwenyewe, dua ndefu ya mtu anayejua anaondoka. Ni ileile aya ya miaka 40 ukiiangalia, wazazi juu, kizazi chini. Tulichokosea ni kuchukua mafunzo ya mke tukaacha dua ya mama, na kosa kubwa zaidi, tukamfunda binti na kijana wa kiume tukamwacha bila wasia wowote wa namna ya kuishi ndani ya nyumba yake. Atakuja kuutafuta akiwa na 60.

Na kuna nyumba ambazo maneno yangu haya yasipelekwe. Nyumba yenye kipigo, usiende kumwambia yule mama atafute maana kwenye sufuria, mtoe kwanza. Na kuna mtu mwingine tunayemsahau kwenye mazungumzo haya, dada wa kazi. Mie nilikaa na wasichana watatu kwa nyakati tofauti wakati watoto wadogo, na najiuliza, ile ibada ya nyumbani ninayoizungumza leo wakati ule nani alikuwa anaifanya? Wao, kwa mshahara ninaouonea aibu leo. Mtume kasema hao ni ndugu zenu, muwalishe mnachokula, muwavishe mnachovaa, msiwabebeshe wasichokiweza na mkiwabebesha muwasaidie. Mmoja wao nimempata kwa simu mwaka huu, ameolewa, nimemuomba radhi. Alicheka tu, akasema mama yameisha. Sijui kama yameisha.

Jirani yangu Mkatoliki tukizungumza mambo haya ananielewa haraka kuliko baadhi ya ndugu zangu, sababu wao wana jumuiya ndogo ndogo, miaka ya 1970 maaskofu wao wa Afrika Mashariki waliamua imani ishuke mpaka kwenye nyumba, na mpaka leo wanazunguka wiki kwa wiki, leo sebule ya huyu kesho ya yule, wanasali kati ya makochi na televisheni imezimwa. Nilimuuliza wanaume wanakuja? Akasema wachache mama, wengi sisi. Tukaangaliana.

Shaaban ikaingia na sina cha kulipa. Nilifunga siku kadhaa hivohivo za sunna, nikahisi mwepesi na mpweke kidogo, maana ule mwezi tulikuwa tunafunga na kina mama wenzangu mtaani kila mmoja na deni lake, tunaulizana umebakisha ngapi. Jioni moja nimeingia jikoni nikamkuta mzee wangu kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya futari yangu, hakuwa amefunga, kavua shati, machicha yamemwagika mpaka mlangoni. Nilimuachia. Tui lilikuwa zito, mihogo ikaiva vizuri.

Usiku tukishamgeuza mama na kumfunika tunalala tumechoka wote. Mie nahesabu kwa vifundo vya vidole, Subhanallah mpaka 33, Alhamdulillah mpaka 33, na Allahu Akbar mara nyingi sifiki 34, usingizi unanichukua njiani. Joto likiniamsha baadae kidogo namsikia upande wa pili bado anahesabu, polepole, kwa sauti ya chini.